Kalunguyeye wa Kuonja

Kapteni Sadiq hakumwamini mtu yeyote mwenye mikono, ndiyo maana chakula chake kilionjwa na kalunguyeye.

Msicheke mapema. Miaka ile ya utawala wa jeshi wakubwa waliogopana wenyewe kwa wenyewe kuliko sisi tulivyowaogopa. Kapteni alikuwa amepewa fleti ya Bugolobi iliyoachwa na Muhindi aliyefukuzwa nchini, na vitu vyake vyote ndani, mpaka kinanda ambacho hakuna aliyejua kukipiga. Zamani, alipokuwa koplo, aliitwa Saverio. Siku hizo za neema akawa Sadiq, na sijui kama alibadilisha kitu kingine zaidi ya kofia.

Mume wangu Abdulghani alikuwa mpishi wake. Sisi ni watu wa ukoo wa pwani. Babu zetu walikuja Buganda na misafara, wakauza nguo na shanga, na katika mali yote waliyobeba wakatuachia Kiswahili na pilau. Pilau ndiyo iliyotuponza. Kapteni aliila kwenye arusi moja Old Kampala, akauliza nani kapika, na kesho yake gari la jeshi likaja nyumbani kumchukua Ghani. Nililia mtaa mzima ukakusanyika, wengine wakaanza kutandika majamvi. Jioni Ghani akarudi kwa miguu, ananuka vitunguu. Alikuwa amepata kazi.

Nami nikafuata huko huko, kufua na kupiga pasi. Nikamchukua na mpwa wangu Kaltumi, bubu, awe anaosha vyombo.

Kaltumi hakuwa mpwa wangu wala hakuwa bubu. Jina lake Filda, Mwacholi, binti wa rafiki yangu Adyero tuliyekuwa tukiuza naye simsim, yaani ufuta, soko la Kikuubo. Alikuwa chuo kikuu anasomea habari za wanyama wakati askari walipoanza kuwazoa watu wa kwao. Lafudhi yake ingemuuza kabla hajamaliza salamu, kwa hiyo nikamfunga ushungi na kumnyang'anya ulimi. Kama mtu angeniuliza kwa nini namficha mtoto ndani ya nyumba ya kapteni, ningemjibu kwamba jeshi linapekua kila nyumba isipokuwa ya kwake.

Sasa huyo kalunguyeye. Alikuwa jike, na kapteni alimwita Mlinzi, jambo lililomuudhi sana Dawudi, askari aliyesimama mlangoni na bunduki, maana yeye ndiye aliyekuwa mlinzi. Mlinzi wa miiba aliishi ndani ya sanduku lenye waya, kwenye veranda. Kila chakula kilipotengwa, kapteni mwenyewe alichota kidogo kwa vidole viwili, akamtilia sandukuni, akawasha sigara. Sigara ikiisha na Mlinzi bado anatembea, kapteni alikula. Na amri ilikuwa moja: asipewe kitu kingine chochote, na mtu yeyote, hata kumbikumbi.

"Kitu hii nakula kwa sahani yangu tu," alisema kwa Kiswahili chake cha kambini. "Ikikufa, mimi najua nani naua yeye."

Siku za kawaida Mlinzi alineemeka. Kapteni alikuwa mtu wa kula chai, kula chakula, kula tena, kuonja, kumalizia. Kila mara Mlinzi alipata chake, akanenepa mpaka akashindwa kujikunja vizuri. Akazaa hata na watoto, kumbe aliletwa na mimba. Walipoanza kula wenyewe, kapteni akawagawa kwa maofisa wenzake, nao wakafurahi, maana kila mmoja wao alikuwa na mpishi.

Kisha ukaingia Ramadhani.

Kapteni alifunga kweli kweli. Wageni wa dini ndivyo walivyo. Sisi tuliozaliwa nayo tunajua wapi pa kupumzika. Alifunga mpaka sigara. Basi na Mlinzi akafunga. Alipata ncha ya kidole jioni wakati wa futari, na ncha nyingine alfajiri wakati wa daku, basi. Juu ya hayo mvua za mwezi wa tisa zikaanza, zinapiga veranda mpaka ndani ya sanduku. Sisi tuliona anapungua. Lakini nani angemtupia hata punje, wakati amri ilikuwa imetoka na Dawudi anatazama?

Jioni yenyewe ilikuwa ya mvua. Meza imetengwa: uji wa pilipili manga, tende, wali na kuku wa nazi, dengu bado jikoni. Redio ikaadhini magharibi. Kapteni, midomo imekauka kama ubao, akatia mkono sandukuni.

"Mpishi! Kuja hapa!"

Ghani akaenda na bakuli la uji mkononi. Mimi nilikuwa napiga pasi gwanda la kapteni pembeni ya chumba. Nikaona kile kitu kwenye kiganja chake, mviringo, hakina pumzi. Akakiangusha mezani. Kililia ko, kama kifuu.

"Kitu hii iko baridi. Imekufa."

"Labda amelala, afande," Ghani akasema.

"Kulala gani nafanya mtu baridi kama mawe ya mto? Daku ulitia nini?"

"Wali na mchuzi wa samaki, afande. Nawe ulikula."

"Nilikula," kapteni akasema. Kisha nikaliona wazo likimpanda kutoka shingoni. Akashika tumbo. "Tangu mchana tumbo yangu nasokota."

"Ni njaa hiyo, afande," nikasema. "Hata langu linasokota."

"Mama, wewe nyamaza. Hii ni tumbo ya sumu."

"Ingekuwa sumu, si wewe ungeshakufa?"

"Kitu hii ni ndogo, nakufa mbio. Mimi ni mkubwa, nakufa polepole."

Mimi niliishia darasa la nne, sikuweza kuikosoa hesabu hiyo.

"Dawudi!" akaita. "Sogeza gari. Fungua buti."

Hapo ndipo mzaha uliponitoka mwilini. Kampala yote ilijua maana ya buti la gari. Waliotiwa mle hatukuletewa hata viatu vyao. Ghani aliliweka bakuli mezani taratibu, bila kumwaga tone, akajifuta mikono kwa aproni. Akanitazama.

"Hindu," akaniita kwa jina langu, "ukatazame dengu zisiungue."

Mwanamume mzima, miaka yote niliyolala naye, neno la mwisho ananiachia ni dengu. Nilitaka kumpiga.

Kapteni akachomoa kisu kiunoni. Alikuwa ameambiwa na mtu kwamba sumu hulifanya ini kuwa jeusi, na alitaka kuliona ini la Mlinzi kwa macho yake kabla gari halijaondoka. Akamgeuza yule mnyama, akatafuta pa kuanzia katikati ya miiba.

Mkono ukatokea ukamshika kifundo cha mkono. Ulikuwa na povu la sabuni. Filda.

Dawudi, aliyekuwa hajafika hata ngazini, akainua bunduki.

"Bubu huyo!" nikapiga kelele. "Usimpige, ni bubu, hajui hata bunduki inasema nini!"

Filda hakututazama. Alichukua kijiko mezani, akakifuta kwa ushungi mpaka kikang'aa, akakisogeza kwenye kale kapua kalikofichwa ndani ya mviringo. Akangoja. Sote tukangoja. Nikasikia mvua, na tumbo la kapteni, na dengu zinachemka huko jikoni. Kijiko kimetulia tu. Nikaanza kumwomba Mungu na kumlaani Filda kwa pumzi moja.

Ndipo ukungu ukatokea juu ya kijiko, mdogo kama punje ya ulezi, ukafutika.

"Anapumua, afande!"

"Mimi hapana kuona."

"Ni kwa sababu unapumua wewe zaidi yake. Sogea kidogo, ungoje."

Akangoja kisu mkononi. Ukungu ukaja tena baada ya sisi kukata tamaa kabisa. Kapteni akaunusa ule mviringo, akaugonga kwa kucha.

"Mtu anapumua mara moja, halafu nakwenda Jinja, narudi, napumua tena? Hii ni kitu gani?"

Filda akanifanyia ishara: vidole, tumbo, moto. Sikuelewa hata moja, lakini nilielewa macho yake.

"Anaomba jambo jikoni, afande. Dakika moja."

"Mpishi nakaa hapa."

"Akae. Simpeleki popote mimi."

Jikoni nikafungua bomba ili maji yafunike sauti zetu. Bomba likakohoa likanyamaza, halikuwa na maji, ilikuwa Kampala ya kawaida. Basi nikashika mwiko nikawa nagonga sufuria ya dengu kama mwendawazimu, na Filda akaniwekea mdomo sikioni.

"Mama, hajafa. Mnyama mdogo hupoteza joto haraka, na kulitunza joto ni kula. Akikosa chakula, mwili wake unashusha moto, kama wewe unavyofunika mkaa kwa majivu usiishe. Moyo unapiga taratibu, damu inapoa. Anaishi kwa akiba ya mafuta tu."

"Nani anamwambia ashushe?"

"Homoni. Ni maji maji ya mwilini yanayobeba habari kwenye damu. Kuna tezi hapa shingoni inayochochea moto, njaa ikizidi inapunguza kazi. Mafuta yakipungua, ubongo unapata habari. Kwa njia gani hasa, hata walimu wangu walikuwa bado wanatafuta."

"Tumtie kwenye jiko basi, apate moto!"

"Hapana! Ukimkaanga utamuua. Joto la mwili wa mtu, taratibu. Atatetemeka, achome mafuta yake mwenyewe, ainuke." Akasita. "Kama yamebaki, Mama. Kupanda kunakula akiba nyingi kuliko kulala. Yasipotosha, atakufa njiani."

Niliacha kugonga sufuria. Sikutaka kulijua hilo la mwisho.

Tuliporudi, Ghani alikuwa ameketishwa sakafuni, mikono kichwani. Nikamweleza kapteni habari za mkaa na majivu, nikizitoa kwenye vidole vya Filda kama mkalimani wa mahakamani. Alisikiliza. Hakuwa mjinga yule mtu, hilo ndilo lililokuwa baya kwake.

"Ngoja," akasema. "Mwezi ile nyingine mimi nilikwenda Jinja. Niliacha makombo tu. Kitu hii ilikaa na njaa, na hapana kuwa baridi. Ilitembea usiku na mchana. Kwa nini ile njaa hapana kulaza yeye, na njaa hii nalaza?"

Nikamtazama Filda. Kapteni naye akamtazama, kisu mkononi. Filda akaweka mkono kifuani, akakunja mkono mwingine kama anayebembeleza mtoto, kisha akaifungua mikono yote miwili, mitupu.

Jambo hilo sikuhitaji chuo kikuu. Nimenyonyesha saba.

"Alikuwa ananyonyesha, afande," nikasema. "Mwanamke mwenye mtoto wa ziwa halali hata akitaka. Mimi nikinyonyesha nilikuwa nawaka kama tanuri, na chakula hakuna, nakonda, lakini moto hauzimiki. Mwili wa mama unakatazwa kupoa, maana na maziwa yatakauka na watoto watapoa naye. Sasa watoto ulimchukulia ukawapa wenzako. Homoni zile za maziwa zikaondoka, za kumkataza asilale. Ikabaki njaa peke yake na mvua."

Filda akainamisha kichwa, ndiyo, ndiyo. Kumbe nimepatia.

"Kwa hiyo mnasema mimi ndiyo namlaza yeye," kapteni akasema.

Hata mvua ilipungua.

"Tunasema ana swaumu nzuri kuliko sisi," nikasema.

Akakirudisha kisu kiunoni, na mimi nikarudisha pumzi. Kisha akasema, "Isha ikiadhini, kitu hii hapana kutembea, mpishi nakwenda. Nani atapasha yeye joto?"

Ghani akainua mkono. Mimi nikainua. Kapteni akacheka bila kuonyesha meno.

"Nyinyi mtabadilisha, mtaleta nyingine hai. Mimi mwenyewe."

Akafungua vifungo vya shati, akamweka Mlinzi juu ya tumbo lake, akafunga. Akaketi kwenye kiti cha Muhindi, ameweka mkono juu ya tumbo kama mja mzito wa miezi minane. Mbele yake kuku wa nazi anapoa, tende zinamtazama, uji umeshika utando. Hajaonja hata maji. Nilijitolea nionje mimi.

"Wewe mke wake," akasema. "Utakula sumu yake na kusema ni tamu. Nawajua wanawake."

Ingekuwa siku nyingine ningemwambia kwamba mimi chakula cha Ghani nakilalamikia tangu tuoane.

Tukakaa. Dawudi mlangoni, Ghani sakafuni, mimi nimeshika pasi iliyopoa zamani. Filda alisimama ukutani, macho kwenye lile shati. Kila mara kapteni alitia mkono ndani, akasema, "Bado baridi." Kisha, "Bado." Kisha akaacha kusema. Nilianza kufikiria nani nitamwendea kesho kuuliza mwili, na kama kuna anayejibiwa.

Ghafla kapteni akasema, bila kunitazama, "Mama. Ile neno."

"Neno gani, afande?"

"Homoni. Mimi nasikia daktari wa jeshi nasema. Wewe umetoa wapi?"

Vidole vya Filda vikashika ushungi. Ghani akafumba macho. Nilijua nikimeza mate tu tumekwisha wote watatu, kwa hiyo sikumeza.

"Kliniki ya wajawazito," nikasema. "Nimekwenda mara saba, afande. Nikilalamika miguu imevimba, sista anasema homoni. Nikilalamika silali, homoni. Mimba ya tano nikalalamika kwamba mume wangu anakoroma. Sista akaniambia, nnyabo, yaani bibi, hizo ni homoni zako. Nikamwuliza, sasa anayekoroma ni yeye, homoni zinakuwaje zangu?"

Dawudi akacheka kwanza, akajiziba mdomo. Kapteni akatikisika, na nikajua ni kicheko kwa sababu alishika lile tumbo lisianguke.

"Na huyu bubu, nani nafundisha yeye kalunguyeye?"

"Kwa baba yake wanawala, afande."

Filda, Mungu amhifadhi, akajilamba midomo.

Redio ikaadhini isha.

Hakuna kitu kilichotembea. Muadhini akamaliza, mtangazaji akaanza kusoma taarifa ya habari, na kapteni akasimama, akanyoosha kidole kwa Dawudi bila neno. Dawudi akamshika Ghani kwapani. Ghani akainuka mwenyewe. Aliitoa aproni akaikunja, akaiweka juu ya kinanda, na ile namna ya kuikunja, pembe juu ya pembe, ilinivunja kabisa. Nikamrukia Dawudi mkononi nikauma.

"Wacha!" kapteni akapiga kelele.

Nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa ameganda katikati ya chumba, macho yametoka, mkono juu ya shati.

"Wacha. Ngoja. Nasikia injini."

Filda akaja mbio, akaweka kiganja juu ya tumbo la kapteni wa jeshi kama vile anagusa unga uliokandwa. Akanishika mkono wangu akauweka hapo. Kilikuwa kinatetemeka, kidogo kidogo na mfululizo, kama lori linalokataa kuwaka asubuhi lakini halikati tamaa. Kinatetemeka, kinasita. Kinasita mno. Filda aliuma mdomo mpaka nikaona damu. Mafuta, nikasema moyoni, Mola wangu, hata kijiko kimoja cha mafuta.

Kikatetemeka tena, kwa nguvu. Halafu Mlinzi, aliyeamka mahali asipopajua, gizani, kwenye nywele za tumbo la mtu mwenye jasho, akafanya afanyalo kila kalunguyeye akishtuka. Akasimamisha miiba yote.

Sitasema alivyolia kapteni. Yule alikuwa mtu mwenye nyota begani. Nitasema tu kwamba vifungo vilitawanyika mpaka chini ya kinanda, na Dawudi alilala sakafuni akidhani tumevamiwa.

Mlinzi akatua mezani, akayumba, akaanguka ubavu, akainuka. Akanusa huku na huku. Kapteni, anavuja nukta nukta za damu kwenye kitambi, akachota kuku wa nazi kwa vidole viwili. Mlinzi akala. Akachotewa wali, akala. Akatembea mezani akaenda kwenye sahani yenyewe akaingia na miguu minne, na hakuna aliyethubutu kumtoa.

"Iko hai," kapteni akasema.

"Iko hai, afande," tukasema sote, isipokuwa bubu.

Dawudi alimwachia Ghani. Mimi nikakaa chini. Nilidhani yamekwisha. Kapteni alikuwa bado amemtazama yule mnyama, na hasira imemtoka, imebaki fikra.

"Lakini kitu hii si nzuri," akasema. "Leo nakufa, nafufuka. Kesho nakufa kwa sumu, mimi nasema nalala tu, nakula. Mlinzi namna gani hii?" Akageuka. "Mpishi. Wewe ukikosa chakula, unakuwa baridi?"

"Hapana, afande," Ghani akasema. "Nakuwa mkali tu."

"Kaa."

"Wapi, afande?"

"Hapo. Kiti."

Ghani akaketi kwenye meza aliyoipangusa kila siku bila kuikalia. Kapteni akamsogezea kuku, wali, tende, na bakuli la uji wenye utando. Filda akamchukua Mlinzi kimya kimya, akaenda naye jikoni kwenye mende, na tangu jioni ile hakuna aliyeuliza tena kalunguyeye anakula nini.

"Kula. Yote kidogo kidogo."

Ghani akala. Alikuwa amefunga kama sisi sote. Nilikitazama kila kitonge kikishuka kooni kwake. Nilijua chakula ni safi, nilimwona akikipika, na bado nilikitazama.

"Sasa simama. Tembea."

Mume wangu akaanza kuizunguka meza. Kapteni akawasha sigara. Ghani akazunguka, akapita kwenye kinanda, akapita mbele yangu, akarudi, na kapteni anavuta moshi na kumkodolea macho kupitia ule moshi, mpaka moto ulipofika vidoleni. Akakizima kipande kwenye kisahani cha tende, akavuta kiti.

"Iko namna gani?" akamwuliza.

Ghani alisimama akafikiri, kwa sababu kwenye mambo ya chakula hajawahi kumdanganya mtu.

"Chumvi imepungua kidogo, afande," akasema.